Anza jikoni: namna ya kuandika maisha ya bibi Mgiriki wa Tanga

Anayetaka kuandika habari za familia ya Kigiriki iliyoishi Tanga kwa kawaida huanzia kwenye mkonge. Hutafuta hati ya shamba, picha ya korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, picha ya bwana amesimama mbele ya marobota. Akimaliza, amepata historia ya shamba na ya mwanamume mmoja, na mke ametajwa mara mbili tu, alipoolewa na alipozikwa. Kumbe huyo mke ndiye aliyewafundisha watoto kuomba kwa Kigiriki, aliyejua Pasaka ya mwaka ule inaangukia lini, aliyekuwa akiandika barua kwenda kisiwa alichokiacha akiwa msichana. Karatasi za ofisi hazikuwa na nafasi ya mambo hayo. Hata kule Ugiriki, daftari ambalo watafuta ukoo hulikimbilia kwanza, mitroo arrenon, ni la wanaume peke yao, maana lilitumika kujua nani anafikia umri wa jeshi.

Kwa hiyo njia inayoelezwa hapa inaanzia jikoni na kumalizikia ofisini. Inamfaa mjukuu, jirani aliyekua uani kwake, mwalimu wa historia, na pia watoto wa mpishi au yaya aliyefanya kazi nyumbani mle, ambao mara nyingi wanakumbuka mengi kuliko ndugu walioko Athens. Ikiwa bibi mwenyewe ameshafariki, fanya hatua zilezile na binti yake au na mpishi wake. Mikono ya aliyefundishwa naye bado inajua.

Vifaa ni vichache: mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, jagi lenye alama za mililita, simu inayorekodi, daftari, penseli laini na kanga mbili kuukuu.

Kupima mkono wake

Bibi wa miaka themanini ukimketisha sebuleni na kumwambia "tueleze maisha yako", atakupa sentensi tatu na chai. Mikono yake ikiwa kwenye unga, atazungumza saa mbili bila kuulizwa. Mwombe apike kitu cha kawaida kinachochukua muda, si cha sherehe kubwa. Koulourakia za chungwa zinafaa sana: ni biskuti za kusokota, na machungwa ya Muheza yapo.

Usimuulize anatia unga kiasi gani. Wapishi wa Kigiriki wana jibu moja la swali hilo, óso pári, yaani kadiri mchanganyiko utakavyoupokea, na jibu hilo ni la kweli. Wewe pima kimyakimya. Weka chombo cha unga kwenye mizani kabla hajaanza, kipime tena akimaliza. Tofauti ndiyo aliyotumia. Kikombe chake cha zamani kijaze maji ukipime: gramu moja ya maji ni mililita moja, na hapo umejua ujazo wa kikombe. Konzi yake mwombe aimwage juu ya mizani mara tatu, uchukue wastani. Fanya hivi katika siku mbili au tatu tofauti, maana wakati wa masika unga wa Tanga hunyonya unyevu wa hewa na kiasi hubadilika.

Kwa kulinganisha, kipimo cha kawaida ni hiki: siagi gramu 250, sukari gramu 200, mayai mawili, maji ya machungwa mililita 120, maganda ya machungwa mawili yaliyokwaruzwa, unga wa ngano gramu 750 hadi 800, bekingi pauda vijiko vya chai viwili, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Yai la tatu ni la kupaka juu, na ufuta wa kunyunyiza. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, tia yai moja moja, kisha maji ya machungwa na maganda, mwisho unga kidogo kidogo. Kata vipande vya gramu 25, viringisha kila kimoja kiwe kamba ya urefu wa sentimeta 15, kunja katikati na usokote mara mbili. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20. Zitapatikana 55 hivi.

Tanga biskuti hizi huharibikia kwenye siagi. Kwenye joto la nyuzi 30 siagi haipigiki, inayeyuka, na biskuti hutandaa kwenye trei zikawa bapa. Anayeanza akiona mchanganyiko unanata huongeza unga, na matokeo yake ni biskuti ngumu kama kokoto, kwa sababu kunata kule kulitokana na joto, si na maji. Anza saa kumi na mbili asubuhi, siagi itoke kwenye friji dakika 20 tu kabla, na mchanganyiko ukiisha kukandwa ukae kwenye friji nusu saa kabla ya kusokota. Ganda la chungwa letu hubaki kijani hata tunda likiiva. Kwaruza hiyo kijani tu, ule weupe wa ndani ni mchungu. Kama hakuna oveni, sufuria pana yenye mchanga mkavu chini inatosha. Palia makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, kama unavyofanya kwa mkate wa mchele.

Zikiwa motoni, uliza. Nani alikufundisha kusokota? Jiko la kwenu lilikuwa la kuni za mti gani? Siagi ya kwanza uliyoipata hapa ilitoka wapi? Nani alikuwa anakusaidia kukanda, na yeye alipika nini ambacho wewe ulijifunza kwake? Swali hili la mwisho lisisahaulike hata kidogo. Bibi aliyeishi Tanga miaka hamsini ameingiza nazi, bizari na pilipili kwenye sufuria yake, na mpishi wake wa Kibondei au Kidigo amejifunza kuviringisha mchele kwenye majani.

Ukikuta kwenye pai yake ya mboga ametumia manda za sambusa badala ya karatasi za phyllo, mchicha badala ya spinachi, na mtindi uliotundikwa kwenye kitambaa usiku kucha ukatiwa chumvi badala ya jibini ya feta, andika hivyohivyo. Usimrekebishe ili mapishi yafanane na ya vitabuni. Uliza alianza lini kutumia manda na kwa nini. Jibu litakuambia duka gani lilifungwa, mwaka gani bidhaa ziliadimika, na jirani gani Mhindi au Mwarabu alimfundisha kuzibandua bila kuchanika.

Ngano ya arobaini

Jambo la pili la kupika naye ni kolyva, ngano ya kuwakumbuka marehemu. Wakristo wa Othodoksi hufanya ukumbusho siku ya 3, ya 9, ya 40 na baada ya mwaka, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa arobaini ni nini. Kolyva pia ndiyo njia ya mkato ya kuufikia ukoo wake, kama tutakavyoona.

Chukua ngano nzima nusu kilo. Ile ya bokoboko iliyotwangwa maganda huiva upesi lakini huvurugika, kwa hiyo tafuta yenye maganda yake. Osha, loweka usiku kucha, chemsha kwa maji mengi saa moja hadi moja na nusu mpaka punje ianze kupasuka bila kufumuka. Chuja, suuza, kisha tandaza juu ya kanga safi chini ya feni mpaka ikauke kabisa. Unene usizidi sentimeta moja. Ngano iliyorundikwa hupata joto katikati, na kwa hali ya hewa ya pwani alfajiri utaikuta imechacha. Ikikauka changanya na zabibu kavu gramu 150, lozi zilizokatwa gramu 150, mdalasini vijiko vya chai viwili, punje za komamanga moja, na ufuta gramu 100 uliokaangwa ukasagwa. Lundika kwenye sinia, shindilia kwa kiganja, funika kwa tabaka la unga wa ngano uliokaangwa mpaka ukawa rangi ya kahawia, halafu chekecha juu yake sukari ya unga unene wa nusu sentimeta. Msalaba na herufi za jina la marehemu hupangwa kwa lozi.

Sukari iwekwe saa ile ya kuondoka kwenda kanisani. Ukiiweka mapema inanyonya unyevu, na msalaba unazama mbele ya macho ya watu. Tabaka la unga uliokaangwa lipo kwa ajili hiyo, linaizuia sukari isiguse ngano, usilipunguze.

Sasa kuhusu ukoo. Katika Jumamosi za Roho, zinazoangukia kabla ya Kwaresima na kabla ya Pentekoste, wanawake hupeleka kolyva kanisani pamoja na karatasi ya majina ya marehemu ili padri ayasome. Bibi yeyote aliyeishika ibada ana karatasi hiyo, katika kitabu cha sala au nyuma ya ikoni, ile picha takatifu ya ukutani. Ni orodha ya wazazi, babu, ndugu, watoto waliokufa wachanga, kwa mpangilio anaoujua yeye. Mwombe akusomee, akiweka kidole juu ya kila jina na kukuambia huyu ni nani kwake. Humo wamo watoto ambao hakuna cheti kinachowataja.

Tahadhari: majina ya karatasi hiyo ni ya ubatizo tu, bila la ukoo, na yameandikwa kwa umbo la "ya fulani". Kwa hiyo Eleni ameandikwa Elenis, na Georgios ameandikwa Georgiou. Ukiyanakili kama yalivyo utazalisha watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Jina lake, kama anavyolitamka

Hapa Mswahili ana bahati. Kigiriki kina sauti nne zinazowatesa wageni wengi, nasi tunazo zote: Θ ni th ya thelathini, Δ ni dh ya dhahabu, Χ ni kh ya kheri, na Γ ni gh ya ghali, ingawa mbele ya e na i hiyo Γ hugeuka kuwa y. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa daftari lako uandike jina lake kwa Kiswahili kama linavyosikika: Dhimitra, Khrisula, Theodhora. Mstari wa pili uwe kwa herufi za Kigiriki, aandike mwenyewe kwa mkono wake. Mstari wa tatu uwe lilivyoandikwa kwenye pasipoti.

Mistari hii mitatu itakuokoa baadaye. Makarani wa enzi ya Mwingereza waliandika kila mmoja kwa sikio lake. Mwanamke mmoja anaweza kuwa Chrysoula kwenye cheti cha ndoa, Hrisoula kwenye orodha ya abiria na Chrissie kwenye barua ya benki. Tafuta kwa maandishi yote.

Herufi zinazodanganya macho ni hizi. Β inasomwa v, si b. Η ni i. Ρ ni r. Herufi ndogo ν ni n ingawa inafanana na v. Sauti ya b huandikwa kwa herufi mbili, μπ, na d kwa ντ. Katikati ya neno μπ na ντ husikika kama mb na nd zetu. Basi ukiona Ντίνα, soma Dina.

Jina la ukoo la mwanamke hubadilika mwisho. Kaka akiwa Papadopoulos, dada ni Papadopoulou; -akis huwa -aki, -idis huwa -idou. Si koo mbili. Na bibi aliyeolewa kabla ya sheria ya mwaka 1983, iliyomtaka mwanamke abaki na jina lake la kuzaliwa, alichukua la mume, kwa hiyo lazima upate yote mawili. Kwenye karatasi za Kigiriki jina la kuzaliwa hutanguliwa na maneno το γένος, to yenos. Ukiyaona maneno hayo popote, hata juu ya kaburi, yapigie mstari.

Miisho ya majina hudokeza asili: -akis ni Krete, -opoulos ni Peloponnese, -oglou na -idis mara nyingi ni watu waliotoka Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo. Dokezo si ushahidi, usiandike kijiji kwa kubahatisha.

Majina ya watoto hufuata wazee. Mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hupewa la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, na mabinti nao vivyo hivyo kwa mabibi. Kwetu tungesema kila mjukuu ni somo wa mtu. Hasara yake ni kwamba kwenye ukoo mmoja utakuta Eleni watano, kwa hiyo kila Eleni aandikwe na jina la baba yake na mwaka wa kuzaliwa, tangu siku ya kwanza.

Ukitoka kwenda kuuliza habari zake Pongwe, Muheza au Korogwe, majina haya yote hayatakusaidia. Huko anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, au kwa jina la shamba. Waamkie wazee, kaa, kisha uliza kwa jina hilo.

Na kuna neno moja linaloharibu maandishi mengi. Bibi kwa Kigiriki ni yiayia, na linasikika karibu sawa kabisa na yaya. Mjukuu anayechanganya lugha akisema kwenye rekodi "yiayia alinilea", anayenakili ataandika kwamba alilelewa na mtumishi, au kinyume chake. Kila mara neno hilo likitokea, simamisha rekodi uulize anasema nani.

Miaka na uraia

Ugiriki ilitumia kalenda ya kale mpaka mwaka 1923, ambapo tarehe 15 Februari ilifuatiwa na 1 Machi. Mtu aliyeandikwa kuzaliwa 10 Machi 1915 nyumbani kwao, kwa kalenda yetu alizaliwa 23 Machi. Kwa waliozaliwa katika karne ya 19 tofauti ni siku 12 badala ya 13. Hivyo vyeti viwili vinavyopishana siku kumi na tatu havigombani. Andika tarehe zote mbili na ueleze.

Pasaka ya Othodoksi bado inahesabiwa kwa kalenda hiyo ya kale, na bibi hupima miaka yake kwa Pasaka. Mwaka 2024 ilikuwa 5 Mei wakati wengine walisherehekea 31 Machi. Mwaka 2025 zilikutana 20 Aprili. Akisema "nilifika Tanga wiki moja baada ya Pasaka", usifungue kalenda ya Kikatoliki.

Safu ya uraia kwenye karatasi za kikoloni inapotosha. Mgiriki wa visiwa vya Rhodes au Kalymnos aliyezaliwa kati ya 1912 na 1943 alizaliwa chini ya utawala wa Waitalia. Aliyetoka Kupro alikuwa na karatasi za Mwingereza. Aliyezaliwa Smyrna, Izmir ya leo, kabla ya maafa ya 1922, mji ulipochomwa na Wagiriki wakakimbia, alizaliwa chini ya dola ya Waturuki. Ukiona "Mwitaliano", usidhani umekosea mtu kabla ya kuuliza kijiji.

Wengi hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka walikuwa wapi jambo lilipotokea. Tumia vigingi. Kwa Ugiriki: 1922, vita vilipoingia 28 Oktoba 1940, njaa ya 1941 na 1942. Kwa hapa: bei ya mkonge ilipopaa wakati wa vita vya Korea, Uhuru wa Desemba 1961, Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, kuchukuliwa kwa majumba mwaka 1971. Uliza: siku hizo ulikuwa na mtoto yupi mgongoni? Mtoto huyo ana tarehe ya kuzaliwa, na hapo umeupata mwaka.

Maswali ya 1967 yaulizwe taratibu, siku ya tatu au ya nne, si ya kwanza. Kuna waliofungasha na kuondoka, kuna waliobaki, na kila upande una maumivu yake. Lakini usimwandike kana kwamba aliishi peke yake na mkonge ulijikata wenyewe. Nyumba ile ilisimama juu ya migongo ya manamba waliotoka mbali kwa mkataba. Mwombe majina ya mpishi, dobi, yaya, mtunza bustani, na kama wao au watoto wao wapo, nenda ukawasikilize kwa muda uleule uliompa yeye, na uandike walichosema hata kama hakilingani na alichosema bibi.

Kurekodi

Feni izimwe, hata kama kuna joto. Sauti yake huifunika sauti ya mzee kabisa. Weka simu juu ya kanga iliyokunjwa, sentimeta 30 kutoka kinywani, ikiwa kwenye hali ya ndege ili isiite. Rekodi vipande vya dakika 40, mzee apumzike. Anza kila kipande kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Saa moja ya sauti kwa ubora wa kilobiti 128 ni kama megabaiti 58, kwa hiyo nafasi si kisingizio.

Kunakili saa moja huchukua saa tano au sita, zaidi kama anachanganya Kigiriki, Kiswahili na Kiingereza. Acha kila sentensi katika lugha aliyoisema. Sala, bembelezi na matusi huja kwa Kigiriki, amri za jikoni kwa Kiswahili. Mpangilio huo ni habari. Angalia pia saa: akisema Kiswahili "saa mbili" ni ya kwetu, akihama kwenda Kigiriki hesabu yake inaanzia usiku wa manane.

Sanduku, picha na nguo

Vitu vya mwanamke husema pale karatasi zinaponyamaza. Shuka na vitambaa ambavyo bibi harusi wa Kigiriki huja navyo kutoka kwao mara nyingi vimetariziwa herufi za kwanza za jina lake la usichana. Mataji ya harusi, stefana, hutunzwa ndani ya kisanduku cha kioo; tazama nyuma yake. Msalaba wa ubatizo hutolewa na mama wa ubatizo, nona, kwa hiyo uliza nona alikuwa nani, kwani uhusiano huo huhesabiwa kama udugu. Nyuma ya picha za studio kuna muhuri wa mpiga picha, na muhuri huo unataja mji.

Adui wa picha Tanga ni unyevu, kisha mchwa, kisha laminesheni. Usipeleke picha wala cheti cha zamani kupigwa laminesheni. Ule moto na gundi haviondoki tena, na ukungu ukiwa ndani umeufungia humo. Piga picha ya kila kimoja kwanza, karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja na bila mwanga wa simu, au kwa skana kwa nukta 600 kwa inchi. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, ipige hivyohivyo. Maelezo yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni.

Hifadhi kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje, kila picha ndani ya karatasi safi, na vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Dawa ya nondo isiguse picha. Ikoni iliyofifia kwa moshi wa kandili isifutwe kwa ndimu wala kitambaa chenye maji, kwani rangi yake huondoka pamoja na moshi. Brashi kavu laini inatosha. Na kandili, kwa njia, ni neno ambalo bibi atalielewa bila tafsiri, maana taa ya mafuta mbele ya ikoni kwa Kigiriki huitwa kandili.

Makaburi na ofisi

Kaburi lipigwe picha asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, ndipo herufi zilizokwaruzika huonekana. Omba ruhusa kwa mtunzaji. Safisha kwa maji na brashi laini tu, bila sabuni ya kufulia wala chaki wala brashi ya waya. Maneno utakayoyakuta: ΕΓΕΝΝΗΘΗ, alizaliwa, ΑΠΕΘΑΝΕ au ΑΠΕΒΙΩΣΕ, alifariki, ΕΤΩΝ, umri wa miaka, ΕΝΘΑΔΕ ΚΕΙΤΑΙ, hapa amelala. Nakili herufi kwa herufi kabla ya kutafsiri.

Ofisini nenda ukiwa na majina yote uliyokusanya. Vyeti vya vizazi na vifo vya hapa viko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mafaili ya zamani ya serikali yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko mtafute kwa jina la mume na la shamba, maana ndivyo yalivyopangwa, kisha mwangalie yeye ndani yake, kwenye maombi ya viza, ya kuleta mama yake, ya ada za shule. Ugiriki, andikia manispaa ya kijiji chake uombe taarifa ya familia kutoka dimotologio, daftari ambalo, tofauti na lile la wanaume, wanawake wamo. Bila jina la kijiji usipoteze stempu.

Kuandika

Usianze na kuzaliwa. Anza na chakula kimoja alichokupikia, kwa vipimo ulivyovipata, na maneno aliyoyasema akikipika. Kutoka hapo utakwenda nyuma hadi kijijini na mbele hadi Tanga bila kulazimisha. Weka tofauti wazi kati ya alichosema yeye, kilichoandikwa kwenye karatasi, na ulichokisia wewe. Kisio liwe na neno "huenda" mbele yake. Vinapopishana, viache vyote viwili.

Kurasa 30 zinatosha, na mapishi sita yenye gramu ni bora kuliko sura sita za sifa. Nakala ya sauti, picha na maandishi ziwe tatu: moja kwa familia hapa, moja kwenye diski iliyofungiwa kwenye bati, moja kwa ndugu aliye nchi nyingine.

Kabla ya kuchapa, msomee mwenyewe kwa sauti, polepole, siku mbili au tatu, kwa lugha anayoisikia vizuri zaidi. Mpe penseli ya rangi nyekundu. Anachokata kikatwe, hata kama ndicho ulichokipenda. Kisha pika koulourakia kwa kufuata karatasi yako tu, yeye akiwa amekaa, umwonjeshe. Akisema chumvi haijafika au siagi imezidi, rudi kwenye mizani.